Shokapu Zako Hazina Wastani Mmoja

Mwenye magari ya watalii Arusha akikuuliza shokapu hudumu kilometa ngapi, ukamjibu kwa namba moja, huenda umempa namba isiyomfaa kitu. Ndani ya daftari lake kuna shokapu zilizokufa kabla gari halijamaliza safari ya tatu, na kuna nyingine zilizopita msimu mzima wa Juni hadi Oktoba bila kuvuja tone. Ukizijumlisha zote ukagawa, wastani unaweza kuangukia katikati, mahali ambapo shokapu chache hufia. Fundi mzoefu analijua hilo bila hesabu. Ukimuuliza atakuambia, "Inategemea umepata ipi."

Hiyo "inategemea umepata ipi" ina hesabu yake, nayo huitwa modeli mchanganyiko. Nitaieleza kwa ajili ya msimamizi wa magari, mwenye gereji aliye na rekodi za kutosha, na mwanafunzi anayetafuta kazi ya kufanya na data za kweli badala ya zile za vitabuni. Mfano wangu ni shokapu, lakini njia ni hiyohiyo kwa betri za sola, pampu za visima, beringi au taa.

Arusha ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu vitu vyetu hufika vikiwa vimechanganyika na huenda kutumika sehemu zisizofanana. Gari likitoka mjini kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu juu ya lami, kilometa kama 160, mpaka lango la Loduare. Kwa miaka mingi lami imeishia hapo. Kuanzia pale kwenda Naabi na Seronera, ndani ya Serengeti, ni vumbi, mawe na mawimbi madogo ya barabara yanayoipiga shokapu mfululizo kwa saa nzima. Gari lingine la kampuni hiyohiyo linazungukia Tarangire na Hifadhi ya Arusha, na sehemu kubwa ya kilometa zake ni lami. Chukua pia pikapu inayoteremsha nyanya kutoka Ngarenanyuki kwenda soko la Kilombero: kilometa zake ni chache, lakini kila moja ina jiwe lake. Juu ya hayo yote kuna suala la spea zenyewe. Maboksi mawili yana rangi moja, nembo moja na bei zinazokaribiana, lakini moja lina shokapu ya kiwandani na lingine lina kitu kilichopakwa rangi ifanane.

Kazi inaanzia kwenye daftari, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza kubalianeni nini maana ya "imekufa". Inavuja mafuta? Bushi imekatika? Dereva amelalamika kwamba gari linaruka? Chagueni alama moja inayoonekana kwa macho, muiandike ukutani, na mafundi wote waifuate. Pili, hesabuni umri kwa kilometa, si kwa siku. Magari mengi ya utalii hulala wakati wa masika, na shokapu iliyolala gereji mwezi wa nne haijachoka kama iliyokuwa Serengeti mwezi wa nane. Tatu, andikeni tarehe na kilometa za kufungwa, si za kufunguliwa peke yake. Daftari lenye tarehe za kuharibika bila tarehe za kufungwa haliwezi kukuambia umri wa kitu chochote.

La nne ndilo linalosahaulika kuliko yote: zile ambazo bado zinafanya kazi. Shokapu iliyopo kwenye gari leo ikiwa na kilometa 22,000 ni taarifa nzito. Inasema kwamba umri wake ni zaidi ya 22,000, ingawa hatujui ni zaidi kwa kiasi gani. Ukiiacha nje ya hesabu kwa kuwa "haijamaliza", unabaki na zilizokufa mapema tu, na kila spea itaonekana mbovu. Iweke, na pembeni yake andika "bado". Kundi hili ni kubwa kuliko unavyodhani, maana mafundi wetu hubadilisha shokapu kwa jozi. Ya kulia ikivuja, ya kushoto nayo inatolewa ikiwa nzima. Ile ya kushoto haikufa. Iandikwe "imetolewa nzima", na kwa upande wa hesabu itakuwa pamoja na zile za "bado". Hali kadhalika shokapu za gari lililouzwa au lililopata ajali.

Kuna mtego mwingine hapa. Shokapu nyingi hazigunduliki siku zilipokufa. Zinagunduliwa gari likiingia sevisi, tuseme kila kilometa 5,000. Daftari litajaa vifo vya 5,000, 10,000 na 15,000, kama vile shokapu zinasoma odometa. Programu ya kompyuta ikikutana na mirundikano hiyo inaweza kukuambia kuna makundi matatu, kumbe ni ratiba ya sevisi. Dawa yake ni kuandika kila kifo kama kipindi: ilikuwa nzima kwenye 10,000, ilikutwa imekufa kwenye 15,000.

Daftari likishakaa sawa, chora kabla ya kuhesabu. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kukadiria sehemu iliyosalia hai katika kila umri, huku rekodi za "bado" zikipewa haki yao. Programu yoyote ya takwimu inaifanya. Chukua makadirio hayo na uyahamishie kwenye karatasi ya Weibull, iliyopewa jina la mhandisi Mswidi, Waloddi Weibull, ambaye makala yake ya mwaka 1951 ndiyo iliyoutangaza mgawanyo huu kwa wahandisi. Hata Excel inatosha: mhimili wa chini ni logi asilia ya kilometa, wa wima ni logi ya logi hasi ya sehemu iliyosalia. Kama spea zako ni kundi moja linalofuata Weibull, nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka. Mwinuko wa mstari huo ni beta. Beta ikiwa chini ya 1, vitu vinakufa zaidi vikiwa vipya. Ikiwa 1, vinakufa kwa bahati bila kujali umri. Ikiwa juu ya 1, vinachoka kadiri vinavyotumika. Kipimo cha pili, eta, ni kilometa ambapo asilimia kama 63 ya kundi itakuwa imekufa.

Mchanganyiko hauchori mstari ulionyooka. Nukta hupanda, halafu hulala kama zimechoka, kisha hupanda tena. Sehemu iliyolala ni kipindi ambacho mbovu zimekwisha kufa na nzuri bado hazijaanza kuchoka.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka hukimbilia modeli mchanganyiko. Subiri. Uliza kwanza kama kundi unalolitafuta lina jina unaloweza kulisoma. Njia ya gari unaijua, basi gawa daftari kwa njia: Serengeti peke yake, Tarangire peke yake. Nafasi ya shokapu unaijua, mbele au nyuma. Duka lililouza unalijua ukiwa na risiti. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoondoa floridi, vilivyofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha Ngurdoto, vinatufundisha hilo vizuri. Maji ya miteremko ya Mlima Meru hutofautiana floridi sana kati ya chemchemi na chemchemi, kwa hiyo kichujio kimoja huchoka haraka na kingine hudumu. Mtu akikuletea data za vichujio hivyo na mstari uliopinda, usimtafutie makundi yaliyofichika. Mpe chupa akachote sampuli, apime. Modeli mchanganyiko ni ya lebo ambayo huna na huwezi kuipata. Kwa shokapu, lebo hiyo mara nyingi ni ubora wa ndani ya boksi.

Sasa tuingie kwenye modeli. Wazo lake ni jepesi: sufuria moja imetiwa maharage mapya na ya miaka miwili pamoja, na wewe unaona tu muda ambao kila punje imeiva. Sehemu p ya shokapu imetoka kundi la kwanza lenye beta na eta zake, na sehemu iliyobaki imetoka kundi la pili lenye beta na eta nyingine. Sehemu iliyosalia hai katika kilometa yoyote ni p mara ya kundi la kwanza, jumlisha moja-toa-p mara ya kundi la pili. Namba za kutafuta ni tano tu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme asilimia 30 ya shokapu ni kundi dhaifu, beta 1.5 na eta kilometa 8,000. Asilimia 70 ni kundi imara, beta 3 na eta 40,000. Wastani wa zote ni kama kilometa 27,000. Angalia sasa kinachotokea kwenye 27,000: karibu dhaifu zote zimekwisha kufa zamani, na karibu robo tatu ya zile imara bado ziko kazini. Bajeti ya spea iliyopangwa kwa wastani huo itakosea pande zote mbili, ukosefu mwanzoni mwa msimu na mzigo uliolala stoo baadaye.

Sasa shokapu moja imekufa kwenye kilometa 9,000. Ni ya kundi gani? Kwa namba hizo, uwezekano wa kuwa dhaifu ni asilimia 87. Jirani yake ana kilometa 9,000 hizohizo lakini bado ni mzima: uwezekano wake wa kuwa dhaifu ni asilimia 12 tu. Kilometa zile zile, hukumu mbili tofauti. Ndiyo maana nilisisitiza neno "bado" liandikwe daftarini.

Kugawa shokapu kwa asilimia namna hiyo ndio moyo wa njia ambayo Arthur Dempster, Nan Laird na Donald Rubin waliiandikia makala maarufu mwaka 1977. Unaanza kwa kubahatisha namba tano. Kwa namba hizo unaipa kila shokapu asilimia yake ya kila kundi. Kisha unakokotoa upya beta na eta ya kila kundi, kila shokapu ikihesabiwa kwa uzito wa asilimia yake. P mpya ni wastani wa asilimia hizo kwa shokapu zote, hai na zilizokufa. Unarudia mpaka namba zisisogee. Kabla ya kompyuta kazi hii ilikuwa adhabu. Karl Pearson alipotenganisha vipimo vya kaa wa Naples katika makundi mawili mwaka 1894, alijikuta na mlinganyo wa daraja la tisa, na hakuwa na umeme wa kumsaidia. Kompyuta ya mkononi ya leo inamaliza duru mia kabla hujanyanyua kikombe cha chai.

Programu ya R hupatikana bure na inatosha. Fungu lake la survival lina amri ya survreg inayokubali uzito, rekodi za "bado" na rekodi za vipindi. Duru moja, kwa hiyo, ni kuita survreg mara mbili, kila kundi na uzito wake. Jihadhari na mambo mawili. Haikubali uzito wa sifuri kamili, basi weka namba ndogo mno badala yake. Na haitoi beta na eta moja kwa moja: beta ni moja gawa kwa namba inayoitwa scale, na eta ni e iliyopandishwa kwa kipeo cha intercept. Wengi wameripoti scale wakidhani ni beta, na wakaona spea zinazochoka zikiitwa spea zinazokufa changa.

Katika kila duru, logi ya uwezekano wa data lazima ipande au isimame. Ikishuka, kuna kosa kwenye msimbo wako, usiendelee. Anza upya kutoka sehemu nyingi tofauti, ishirini si nyingi, kwa sababu njia hii hupanda kilima kilicho karibu na kudhani ndicho Meru. Kundi moja likipata beta ya 40, usifurahi: limekamata rekodi tatu nne zenye kilometa sawa, na hizo si kundi.

Makundi yawe mangapi? Linganisha modeli ya kundi moja yenye namba mbili, ya makundi mawili yenye namba tano, na ya matatu yenye namba nane, kwa kipimo cha Gideon Schwarz cha mwaka 1978 kinachotoza faini kwa kila namba inayoongezwa. Chukua modeli ambayo kipimo chake ni kidogo kuliko zote. Mimi binafsi makundi matatu ya shokapu siyaamini mpaka fundi anieleze la tatu ni lipi. Na kama vifo ulivyorekodi havifiki hamsini, usiiguse modeli mchanganyiko kabisa. Chora karatasi ya Weibull, gawa kwa lebo unazozijua, ishia hapo. Ukitaka kujua namba zako zinayumba kiasi gani, chagua magari kwa bahati nasibu ukiyarudisha, kokotoa upya, rudia mara mia kadhaa. Chagua magari, si shokapu moja moja, kwa maana shokapu nne za gari moja zina dereva mmoja na barabara moja.

Kuna kosa la dhana ambalo hata wasomi hulifanya. Shokapu inaweza kufa kwa sili kuvuja, au kwa jicho la kufungia kukatika. Hizo ni njia mbili za kufa, lakini si makundi mawili, kwa sababu kila shokapu inakabiliwa na hatari zote mbili, na inayowahi ndiyo inayoua. Hesabu yake ni nyingine: unazidisha sehemu zilizosalia, huzijumlishi kwa uzito. Mchanganyiko ni pale ambapo kila shokapu ilizaliwa kundi moja na itafia humo. Muulize fundi, "Hii nzima ingeweza kufa kama ile?" Akisema ndiyo kwa zote, achana na mchanganyiko.

Kosa lingine ni kuitazama beta iliyo chini ya 1 na kusema spea inakomaa na umri. Mwaka 1963 Frank Proschan alichunguza hitilafu za viyoyozi vya ndege za Boeing 720. Kila ndege peke yake ilionyesha hatari isiyobadilika na umri, lakini data za ndege zote zilipowekwa pamoja hatari ilionekana kushuka. Hakuna kiyoyozi kilichoboreka. Mchanganyiko ndio uliochora picha hiyo, kwa kuwa wadhaifu huondoka mapema na wanaobaki ni imara.

Jambo hilo lina pesa ndani yake. Kampuni nyingi hubadilisha shokapu zote kabla ya msimu, hata zisizo na tatizo, ili zisisumbue porini. Rudi kwenye mfano wetu. Shokapu iliyofika 15,000 ikiwa nzima ina uwezekano wa asilimia 3 tu wa kuwa dhaifu, na uwezekano wa kufa ndani ya kilometa 5,000 zijazo ni kama asilimia 9. Ukiitoa na kufunga mpya kutoka mzigo uleule wa dukani, hiyo mpya ina uwezekano wa asilimia 12 wa kufa ndani ya 5,000 zake za kwanza. Umelipa pesa kununua hatari kubwa zaidi, na umetupa kitu ambacho barabara ilikwisha kukithibitisha. Panapokuwa na kundi dhaifu kubwa, cha kubadilisha ni chanzo cha spea, siyo spea. Shokapu mpya zifungwe mapema, wakati wa masika, zikimbizwe njia za karibu kama Momella kabla hazijapelekwa Seronera. Dhaifu zife nyumbani.

Kwa warantii pia ni hivyo hivyo. Kwenye mfano wetu, warantii ya kilometa 10,000 ingekamata robo tatu ya zile dhaifu na asilimia moja na nusu tu ya zile imara. Ukiweza kumbana muuzaji kwa jambo moja, mbane kwa hilo.

Lakini usimpeleke muuzaji Tume ya Ushindani, kwa madai ya kuuza bandia, ukiwa na grafu tu. Modeli inasema kuna kundi linalokufa mapema na ukubwa wake; haisemi ni bandia. Yaweza kuwa toleo moja la kiwanda halali lililoharibika, au fundi mmoja anayekaza nati vibaya. Jina la kundi linatoka kwa watu: pasua shokapu zenye asilimia kubwa ya kuwa dhaifu, tazama sili, pistoni na mafuta, linganisha na chache zilizodumu. Ukikosa mtu wa kufanya hesabu, vyuo havipo mbali: Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru na Chuo cha Ufundi Arusha vina wanafunzi wanaohitaji data kuliko unavyohitaji majibu.

Na kuanzia mzigo unaofuata, piga picha namba iliyochapwa kwenye mwili wa kila shokapu kabla ya kuifunga, uiandike kwenye daftari pamoja na duka na tarehe. Ukifanya hivyo kwa misimu miwili, kundi lililokuwa limefichika litakuwa na jina, na modeli mchanganyiko hutaihitaji tena kwa shokapu hizo.